Jua la Januari

Ijumaa iliyopita nilirudisha ngazi. Mtunza stoo alihesabu vipande vyake viwili, akahesabu kofia, mkanda wa usalama, mita na kile kifaa kidogo cha kupimia nguvu ya jua, kisha akanisukumia fomu nitie sahihi. Daftari sikurudisha. Nililinunua mwenyewe sokoni Bungoma, na hata lingekuwa mali ya ofisi ningesema limepotea.

Mlinisimamisha pale getini, nyinyi vijana wa paneli za sola, mkaniomba niwaandikie mawili matatu ya kazi. Nimeona niandike sasa kabla sijazoea kukaa. Mkitaka kujua nilipandishwa cheo mara ngapi, hayo yako kwenye faili na hayajazi hata ukurasa. Mimi nitawaambia kuhusu mapaa, maana ndiyo niliyoyajua, na kuhusu paa moja la Kitale ambalo nililijua vibaya.

Nilianzia Bungoma kwa mzee Wafula, fundi wa stima na mabati aliyekuwa na kibanda nyuma ya reli. Siku ya kwanza nilifika na koleo mpya mfukoni, nimevaa shati la kanisani, nikidhani nitashika waya. Mvua ilikuwa inanyesha. Wafula alinichukua mpaka kwenye hoteli moja ya chai iliyotaka kuwekewa taa, akaniambia niingie jikoni nimuulize mama mpishi huwa anaweka karai wapi mvua ikinyesha. Nilijua ananichezea. Niliuliza hata hivyo, na yule mama akanionyesha mahali patatu bila kufikiri. Wafula akachora misalaba mitatu kwenye karatasi ya mfuko wa unga, akasema hapo hakuna waya utakaopita.

"Usiulize mwenye nyumba," aliniambia. "Yeye anajua tu alinunua bati ngapi. Uliza mwenye kuweka karai. Na paa inaangaliwa siku ya mvua. Ukienda na jua utaona bati inang'aa, utasifu, utakunywa chai, halafu utarudi kulipa godoro ya watu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Mteja akija kiangazi kutaka paa likaguliwe, Wafula alimwambia arudi Aprili, na wengi hawakurudi. Jina langu pia hakuliacha salama. Mimi ni Simiyu, jina ambalo kwetu hupewa mtoto aliyezaliwa kiangazi, naye alikuwa Wafula, mtoto wa mvua, kwa hiyo kila nilipokosea alisema ati wa kiangazi hata ukimwonyesha maji atakuuliza yametoka wapi. Nilicheka naye miaka yote. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Sola ilipoanza kuingia kwetu ilikuwa kitu kidogo, paneli isiyozidi ukubwa wa sinia, ya kuwashia redio na taa mbili. Tuliwafungia walimu na makarani. Betri zilikuwa za lori, za kuongezwa maji, na kila suruali yangu ilikuwa na matundu ya asidi mpaka mke wangu akaacha kuzishona. Kulikuwa na karani mmoja pale Bungoma aliyeogopa wezi, akaweka paneli sebuleni, imeegemea kochi karibu na dirisha, kisha akanilaumu kwamba runinga inazimika kabla ya taarifa ya habari. Mwalimu mmoja aliifunika yake kwa kitambaa cha kufuma ili isipauke. Nilipomwomba akitoe aliniambia nimeanza dharau. Nawaambia haya ili mjue kwamba kuna wakati kazi hii ilikuwa inachekesha.

Wafula alifariki kabla paneli kubwa hazijafika. Aliniachia pimamaji yake ya mbao na ile tabia ya kuuliza karai liko wapi. Nilidhani nimerithi yote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika, kwa sababu kila fundi wa huku analijua. Watu wetu hununua sola mahindi yakishauzwa. Desemba wanavuna na kukausha, Januari simu ya fundi hailali, na mvua ya kupandia ikikaribia kila mtu anarudi shambani na hakuna anayekumbuka paneli tena. Kwa hiyo miaka nenda miaka rudi nilipanda mapaa ya Kitale na Bungoma wakati wa kiangazi. Nilipima kiangazi, nikafunga kiangazi, nikasifiwa kiangazi. Paneli haihesabiwi jua tangu linapochomoza hadi linapozama. Tunahesabu masaa ya lile jua lenye nguvu kamili tu, na kila mwaka daftari langu liliniambia masaa sita. Ilifika mahali nikaacha kupima. Niliandika sita nikiwa bado chini ya ngazi.

Kisha ukaja ule mradi wa mapaa. Wenye ofisi hii yetu walitaka kujua kama miji hii miwili inaweza kujiwashia taa kwa jua la juu ya nyumba zake yenyewe. Walinichukua kwa sababu nilizijua ploti na mbwa wa ploti. Tulizunguka mtaa kwa mtaa, tukapima urefu wa paa, upande linaoelekea, kivuli cha miti ya mikrevilea na cha ghorofa ya jirani, na kutu. Ilikuwa kazi nzuri na niliipenda, hilo siwezi kulikana. Mtu akisimama juu ya bati pale Kitale saa sita mchana mwezi wa Februari, aone mabati yanavyowaka kuelekea Mlima Elgon, ataamini chochote.

Kulikuwa na mambo ambayo fomu haikuwa na nafasi yake. Nyumba nyingi za mjini ni za kupanga, na mpangaji akikuambia paa si lake amemaliza mazungumzo. Mwenye ploti yuko Nairobi, hataki matundu kwenye bati lake, na stima si shida yake. Niliyaandika hayo pembeni ya fomu kwa kalamu, na sijui kama kuna aliyegeuza karatasi kuyasoma. Kulikuwa pia na sheria ya ofisi ambayo mnaijua: paa likilowa hakuna kupanda. Ni sheria njema, imeokoa viuno vingi. Mvua ya Machi ilipoanza, fomu zikafungwa, gari likarudi, na ripoti ikaandikwa kwamba jua lipo la kutosha. Hakuna hata mmoja wetu, mimi mwanafunzi wa Wafula nikiwemo, aliyesema kwamba tumekagua paa la mji mzima siku ya jua.

Ni katika Januari ya mradi huo nilipofika kwa mzee Ramadhani, karibu na msikiti pale Kitale. Alikuwa amesaga mahindi kwenye kinu cha posho ujana wake wote hadi vumbi likamkaa kifuani. Sasa alikaa kwenye kiti cha dirishani na mpira wa hewa puani, na pembeni yake mashine ya oksijeni ikivuma mchana na usiku. Stima ikikatika, mashine ilinyamaza, na mke wake, Mama Halima, alilazimika kukimbilia mtungi wa hewa waliokuwa wameukodi. Mtungi haukuwahi kukaa siku nzima. Binti yao, Halima, aliyekuwa na duka Kachibora, alikuwa ameuza mahindi yake ya mwaka huo, na akaniita aniulize kama sola inaweza kumshikilia baba yake.

Mzee alikuwa mcheshi kwa pumzi ile ile kidogo. Aliniomba nikiwa juu nimwangalizie kama duka la mkabala limepakwa rangi, kwa sababu hakuwa ametoka nje tangu mwezi wa mfungo uliopita. Nilimsomea habari za mtaa kutoka juu ya bati kama mtangazaji. Aliniambia kwamba kwenye kinu alikuwa anajua mahindi mabichi kwa sauti tu, kabla unga haujatoka, na kwamba hata hii mashine ya hewa ikichoka atajua kabla ya taa za mitambo yangu kujua.

Nilipiga hesabu mezani kwao. Mashine ile inakula moto, yaani stima, sawasawa bila kupumzika, kwa hiyo si kazi ya paneli moja. Niliandika paneli sita, betri nne kubwa na inverta, kile kisanduku cha kugeuza moto wa betri uwe wa kutumika nyumbani. Niliandika pia masaa sita. Mama Halima alisimama nyuma ya kiti cha mume wake na kuniuliza swali moja tu, stima ikipotea siku nyingi itakuwaje.

"Hata ipotee wiki nzima, Mama," nilimwambia, "mzee atapumua."

Nilisema hivyo mbele ya mgonjwa, mbele ya binti yake, na nilikuwa naamini. Tukafunga kwa siku tatu. Stima ilikatika mara mbili mwezi huo na mzee hata hakujua. Februari wakaurudisha ule mtungi wa kukodi, maana akiba yao sasa ilikuwa juu ya bati. Mama Halima alinitumia kuku wawili kwa gari la Bungoma. Kama kuna kazi niliyojivunia maishani, ndiyo hiyo.

Julai ya Kitale mnaijua. Kuna baridi, ukungu asubuhi, wingu zito mchana, mvua alasiri, na kesho yake hivyo hivyo. Jumanne moja jioni radi ilipiga transfoma ya mtaa ule. Mafundi wa stima walikuwa na transfoma nyingine za kushughulikia na njia zilikuwa tope. Mimi nilikuwa Bungoma. Jumatano asubuhi Mama Halima alinipigia kuniambia stima haipo lakini mashine inavuma vizuri. Nilimwambia azime friji na runinga, asipige pasi, na asiwe na wasiwasi. Sikumuuliza anga likoje. Nilikuwa na masaa sita kichwani.

Alhamisi alipiga tena, saa mbili asubuhi.

"Fundi, mzee anasema mashine inachoka. Mimi sisikii kitu, lakini yeye anasema inachoka. Na hii taa ya chini ya inverta imekuwa ya njano. Nimwambie Halima alete ile jenereta yake ya Kachibora?"

Nilikuwa nimesimama nje ya duka la vifaa. Juu yangu anga la Bungoma lilikuwa jeupe kama maji ya mchele, na hakukuwa na kivuli cha kitu chochote chini. Niliona. Sitawadanganya kwamba sikuona. Lakini jenereta ingekuwa na maana kwamba mimi nimeshindwa, na ningelazimika kulisema hilo kwa watu walionitumia kuku.

"Hakuna haja, Mama," nilisema. "Subiri saa nne, jua litatoka."

Saa nne halikutoka. Nilipanda gari la Kitale saa tano, na hata hiyo ilikuwa baada ya kujiambia mara tatu kwamba nakwenda kukaza nati tu. Mvua ilitukuta njiani. Nilifika kwao saa nane na nusu mchana, mlango uko wazi, kiti cha dirishani hakina mtu, na inverta ukutani haina hata taa moja. Jirani aliniambia walikuwa wamempakia mzee kwenye gari la mwenye duka la mkabala muda si mrefu. Nilisimama sebuleni mwao na viatu vyangu vya tope. Nyumba ilikuwa kimya, na mimi sikuwahi kuisikia nyumba ile bila mashine. Mzee Ramadhani alifariki kabla ya alasiri, hospitalini, na walionipa habari walisema alifika akiwa tayari amechoka sana.

Akazikwa siku ya pili, baada ya swala ya Ijumaa. Nilisimama nyuma ya waombolezaji. Kulikuwa na wingu na hakukuwa na mvua.

Jumamosi nilirudi na kifaa cha kupimia jua. Mama Halima alikuwa ameingia eda, kwa hiyo nilizungumza na Halima mlangoni, nikamwomba ruhusa ya kupanda. Bati lilikuwa limelowa na sikuwa na mtu wa kushika ngazi. Nilipanda. Nilikaa juu tangu asubuhi mpaka jioni, nikaandika kila nusu saa, na jioni nilipojumlisha nilipata masaa mawili na kidogo. Sikuwa nimewahi kuandika namba hiyo kwenye daftari langu. Mtu anaweza kuona kila kitu kwenye ukurasa ule mmoja: mashine inataka hiki, betri zina hiki, siku ya kwanza inapita, na siku ya pili haifiki jioni. Mtoto wa shule angeipiga hesabu hiyo kama angepewa namba ya kweli.

Niliposhuka nilitaka kuondoka, lakini Mama Halima aliniita kutoka ndani. Alikuwa ameketi nyuma ya pazia la mlango na binti yake kando. Nilimwambia ukweli wote, kwamba hesabu yangu ilikuwa ya Januari, kwamba Julai sikuwahi kuipima, na kwamba kama jenereta ile ingeitwa saa mbili aliponiuliza, mzee angekuwa hai.

"Nilisubiri saa nne," alisema. "Nikasubiri saa sita. Yeye ananiangalia, mimi naangalia dirisha. Sasa fundi, wewe ulidhani mzee anapumua Januari peke yake?"

Nilichukua ngazi, nikaondoka.

Nilipeleka ukurasa wangu ofisini. Meneja alinisikiliza vizuri, hata akaniagizia chai. Alisema ripoti imeshachapwa, kwamba namba za mji ni wastani, na kwamba familia yenye mgonjwa kama yule ni jambo la pekee. Pia aliniuliza kwa upole nilipata wapi ruhusa ya kupanda paa lililolowa. Nikanywa chai yake, nikatoka.

Kuanzia mwaka ule, kila Julai na Agosti nilichukua likizo yangu na kuitumia juu ya mapaa, wiki moja Kitale, wiki moja Bungoma, na kamba kiunoni. Mke wangu aliona nimepata wazimu, na sikumkatalia. Nilirudi pia kwa wagonjwa wengine watatu niliokuwa nimewafungia. Wa Bungoma alinunua jenereta wiki hiyo hiyo na hakunisalimia tena barabarani. Mwingine alikodi tena mtungi wa hewa. Wa tatu, mama mmoja mzee, alisema Mungu ndiye mwenye jua, akakataa kusikia zaidi, nami kila mvua ilipotanda nilimpigia simu mpaka alipohamia kwa mwanawe.

Sisemi mapaa yetu hayana kitu. Yana taa, yana redio, yana friji ya muuza maziwa miezi mingi ya mwaka, na mtu wa kawaida akikosa moto siku mbili za Julai atawasha mshumaa na kulalamika. Mji huu unaweza kupata mengi juu ya mabati yake. Lakini mji una watu wengine pia, wanaokaa kwenye viti vya dirishani, na ripoti haikuwahesabu hao.

Sasa mna tableti. Nilimwona mmoja wenu wiki iliyopita akiwa chini ya ngazi, kabla hajapanda, na nikachungulia. Kuna kisanduku kinachouliza jua la mahali hapo, na kimejazwa tayari. Kimeandikwa sita. Nikamuuliza nani amekijaza, akasema inakuja hivyo. Ndiyo sababu nimeandika karatasi hizi, si kwa lingine. Daftari langu liko nyumbani kwangu Bungoma, kwenye kabati la vyombo. Kurasa za Julai nimezikunja pembe. Njooni mnakili, na mkifika kwa mwenye mashine ya hewa, ulizeni anayeamka stima ikikatika, kisha mfute ile sita na kuandika mbili.

Mama Halima hakuziuza zile paneli. Eda ilipoisha alianza kunipigia simu, si mara nyingi, zaidi mwezi wa Januari. Hanilaumu tena, na hajaniambia amenisamehe. Huniuliza habari za magoti yangu, nami humuuliza habari za Halima. Juzi, siku mbili baada ya mimi kurudisha ngazi, alinipigia asubuhi.

"Fundi Simiyu, hii betri yako imejaa na bado ni saa nne. Jua ni kali, na hakuna kitu ya kuimaliza."

Nilimwambia anaweza kupiga pasi, sasa haina shida.

"Nipige pasi nini," alisema, "na kanzu zake niligawa zote."